Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kamba Jike Hukatwa Jicho Moja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka huu nimeajiriwa katika kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga vya kambamiti. Wiki ya kwanza tu nilipewa kazi ya kumshika kamba jike ndani ya maji huku fundi akimkata kikonyo cha jicho moja kwa koleo lililopashwa moto. Nilipouliza sababu, nikajibiwa kwamba bila hivyo hatagi. Baada ya siku nne yule kamba alitaga kweli. Naomba unieleze, jicho na mayai vinahusianaje? Na je, mnyama huyu haumii? (Msomaji, pwani ya kusini)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo mafundi wengi hulifanya kwa miaka bila kuelezwa, na kwa kuwa wewe umelishika kwa mikono yako, nitakujibu kwa urefu.

Jicho linaloona halihusiki na mayai. Kinachotafutwa na lile koleo kimo ndani ya kikonyo, yaani lile shina fupi linalolibeba jicho. Kwa kambamiti, kaa na kamba kochi, sehemu ya mfumo wa neva imetoka kichwani na kuingia humo. Hapo pana fungu la seli za neva ambalo wanasayansi wameliita kiungo X. Seli hizo hutengeneza homoni na kuzipitisha katika mikia yao mirefu hadi kwenye ghala dogo lililo humo humo kikonyoni, liitwalo tezi ya sainasi. Ghala likifunguka, homoni huingia katika damu. Na kwa kuwa damu ya kamba haipiti ndani ya mishipa mwili mzima kama yetu, ila huvizunguka viungo na kuviogesha, ujumbe uliotoka kikonyoni hufika upesi kifuani, kwenye ovari, yaani mfuko wa mayai, na kwenye ngozi.

Ujumbe wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni neno moja: bado. Ipo homoni inayoiambia ovari isianze kukuza mayai. Ipo nyingine inayoiambia tezi ya kujivua gamba isubiri. Ipo ya tatu inayoituliza tezi iliyo karibu na mataya. Zote tatu ni ndugu, minyororo ya amino asidi (vipande vinavyojenga protini) zipatazo 70 hadi 80, iliyokunjwa na kufungwa kwa vifundo vitatu vinavyofanana, na zote kazi yake ni kuzuia. Sisi tumezoea kuifikiria homoni kama kitu cha kuamsha: homoni ya ukuaji hukuza, homoni ya uzazi hupevusha. Kwa kamba, anayetaka kuelewa lolote lazima aanze na breki.

Mtafiti Mfaransa Panouse ndiye aliyeliona hili kwa upande wa mayai. Mwaka 1943 alieleza kwamba kamba wa jamii ya Palaemon waliotolewa vikonyo vya macho walipevusha ovari katika majira ambayo wenzao wazima hawakuwa na dalili yoyote ya mayai. Hakuwa amewaongezea kitu. Alikuwa amewaondolea kizuizi. Miaka ya 1970 wafugaji waliichukua njia hiyo kwa kambamiti wa baharini, na hadi leo ndiyo kanuni ya vituo vingi duniani.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, omba zamu ya usiku. Shusha tochi isiyoingia maji kando ya kambamiti jike na uangalie mgongo wake dhidi ya mwanga. Siku chache baada ya kukatwa, utaona uzi mwembamba uliokoza ukipita mgongoni kuelekea mkiani. Uzi huo hunenepa, hugeuka kijani, kisha katika pingili ya kwanza ya mkia hutanuka pande zote mbili mpaka ukapata umbo kama la almasi. Hiyo ndiyo ovari iliyopevuka, na jike wa namna hiyo huenda akataga usiku huo huo, mayai mamia ya maelfu kwa mara moja.

Kwa nini basi maumbile yamempa breki kali hivyo? Kwa sababu mayai hayo hutengenezwa kwa akiba yake yote ya mafuta na protini. Baharini kambamiti jike huondoka kwenye mikoko alikokulia, akaenda maji ya kina, yenye chumvi na joto la kutulia, na huko ndiko mayai hupevuka. Ndani ya tangi la saruji, lenye kelele, mwanga mkali na watu wanaopita, mwili wake hauoni ishara hata moja ya zile unazozingoja, na kikonyo huendelea kusema bado, bado. Fundi akikata kimoja, sauti hiyo hupungua kwa nusu. Ndiyo maana hukatwa kimoja tu. Akipoteza vyote viwili, hufululiza kujivua gamba bila mpangilio, hushindwa kujimudu majini, na mara nyingi hufa.

Hasara yake ni kubwa kuliko wanavyosema wengi. Kikonyo hakina kizuizi cha mayai peke yake. Mwaka 1944 Abramowitz na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba humo pia hutoka kitu kinachopandisha sukari ya damu, na ndugu huyo wa nne sasa anajulikana kuwa ndiye anayeupa mwili nguvu ya haraka wakati wa dhiki, kama vile hewa inapopungua majini au mnyama anaposhikwa. Kwa hiyo unapokata kikonyo ili kufungua mlango mmoja, umeilegeza milango yote. Jike hutaga mfululizo kuliko akiba yake inavyoruhusu, na kadiri matago yanavyofuatana, ubora wa mayai na vifaranga huelekea kushuka. Mimi naamini kituo kinachomtegemea jike aliyekatwa, bila kumlisha ngisi na minyoo wa baharini wa kutosha, kinakopa kwa mwili wa mnyama asiyeweza kulipa.

Kuhusu maumivu: kamba waliokatwa vikonyo wameonekana wakipiga mkia na kulipapasa jeraha, na tabia hizo hupungua wanapopakwa dawa ya ganzi kwanza. Mwaka 2022 Uingereza iliwaingiza kaa, kamba na jamaa zao wa miguu kumi katika sheria yake ya wanyama wenye hisia. Kwangu hiyo inatosha kudai kwamba, pale kikonyo kinapokatwa, kikatwe kwa ganzi, ndani ya maji yaliyopozwa, na kwa mkono uliofundishwa, na kamwe asikatwe jike aliyetoka kujivua gamba au aliye karibu kujivua.

Njia nyingine zipo. Watafiti wa Thailand wamemdunga kambamiti jike kipande cha RNA (kemikali inayobeba maagizo ya jeni) kinachoizima jeni ya homoni ya kuzuia mayai, ovari ikapevuka na macho yake yote mawili yakiwa salama. Na kwa kamba mweupe wa Pasifiki, ambaye sasa ndiye anayefugwa kuliko wote, vipo vituo vinavyozalisha bila kukata kabisa, kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, kupunguza mwanga, kutuliza maji na kulisha vizuri. Mwulize msimamizi wako kama yuko tayari kutenga tangi moja la majaribio. Weka daftari, andika idadi ya mayai na vifaranga vya kila jike, na umwonyeshe mwenyewe baada ya miezi mitatu.

SWALI: Mwalimu, sisi ni kikundi cha akina mama tunaonenepesha kaa katika vizimba huku mikokoni. Tuna matatizo mawili. Kwanza, kaa akijivua gamba usiku wenzake humla, asubuhi tunakuta maganda tu. Pili, kuna kaa mzito mkononi lakini ukimpika ni maji matupu, na wazee wanasema huyo ameliwa na mwezi. Tufanyeje? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Dada yangu, matatizo hayo mawili ni moja, na chanzo chake kinarudi kikonyoni.

Gamba la kaa halikui. Ili kaa aongezeke lazima alivue, na kulivua ni hatari kiasi kwamba mwili huichelewesha kazi hiyo kwa ile homoni ya kuzuia. Siku homoni hiyo inapopungua, tezi mbili zilizo mbele ya kifua, ziitwazo viungo Y, huanza kutoa ekdisoni, ambayo ni steroidi, jamaa wa mbali wa homoni zetu za uzazi. Ekdisoni hubadilishwa kidogo na viungo vingine na kuwa na nguvu zaidi, kisha ngozi huachana na gamba la zamani, gamba jipya laini huanza kufumwa chini yake, na sehemu ya chokaa ya lile la zamani hufyonzwa irudi mwilini. Kiwango cha homoni hupanda kwa siku nyingi, halafu hushuka ghafla, na ni baada ya kushuka huko ndipo kaa hujivua. Kwa hiyo kazi yote kubwa hufanyika wakati kwa nje kaa anaonekana yule yule, isipokuwa amekuwa mzito wa kutembea na ameacha kula.

Nimewahi kukaa na taa kando ya kizimba nikamtazama mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ufa ulifunguka nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo, na kaa akaanza kutoka kinyumenyume, polepole, kama mtu anayejivua kanzu iliyolowa. Ukitazama vizuri utashangaa ni nini kinachobaki: gamba la mgongo, miguu yote hadi ncha za kucha, ganda la macho, utando wa matamvua, hata utando wa ndani ya tumbo la chakula. Magando ndiyo yaliyomchosha zaidi, kwa sababu nyama yote ya gando lazima ipenye katika kiungo chembamba kama kidole cha mtoto. Alipotoka alikuwa laini kama ngozi iliyolowekwa, na mbele ya macho yangu akaanza kuvimba.

Kuvimba huko nako kumeamriwa. Mwaka 1999 Chung, Dircksen na Webster walitangaza kwamba, kwa kaa wa Ulaya aitwaye Carcinus maenas, ile homoni ya sukari, ambayo kwa kawaida hutoka kikonyoni, wakati wa kujivua hutoka kwa wingi katika seli za utumbo, na kazi yake saa hiyo ni kuufanya mwili unywe maji. Maji hulivuta gamba jipya likiwa bado laini, na homoni nyingine ikalikaza. Ndiyo sababu ya kaa wenu mzito asiye na nyama: amepata nyumba kubwa, na kwa wiki kadhaa nyumba hiyo imejaa maji, mpaka atakapokula vya kutosha ajaze nyama. Mwezi na bamvua huathiri kutembea kwa kaa na kunaswa kwake, na wazee hawakosei kuhesabu siku. Lakini aliyemmaliza kaa huyo nyama ni gamba lake jipya. Naye ndiye hasa wa kununua kwa kunenepesha, kwani bei yake ni ndogo na nafasi ya kujazwa anayo tayari.

Sasa dalili za kuwaokoa. Mtazameni kaa aliyewahi kupoteza mguu. Kwenye kisiki huota kichipukizi kilichokunjwa, na ukuaji wake hufuatana na homoni hizi hizi: kichipukizi kikiwa kidogo na cha rangi ya maziwa, siku bado zipo, kikivimba na kujaa, mhamishieni kizimba cha peke yake. Aliye mzima mtamjua kwa kuacha chakula siku mbili tatu mfululizo. Na mkikuta dume amemkumbatia jike kwa chini na hataki kumwachia, msiwatenganishe wala msidhani wanapigana; jike yuko karibu kujivua, na dume anamlinda kwa sababu hupandana naye akiwa laini. Katika nchi za kusini-mashariki mwa Asia wapo wafugaji wanaomfanya kaa adondoshe miguu ili ajivue upesi na kuuzwa akiwa laini, kwa maana kupoteza miguu mingi huilegeza ile breki. Mimi siwashauri. Kaa wa aina hiyo huanza upya na nyama pungufu, na soko lenu ni la kaa aliyejaa.

SWALI: Watoto wangu waliweka kwenye ndoo vijikaa vya matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa. Mchana walikuwa weusi, usiku wakapauka, kesho yake wakawa weusi tena, ingawa ndoo ilikuwa imefunikwa muda wote. Ni ugonjwa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni wazima. Chini ya gamba wana seli zenye chembe za rangi na matawi kama ya mti. Chembe zikisambaa hadi kwenye matawi, kaa hukoza. Zikikusanyika katikati, hupauka. Seli hizo hazina neva za kuziamuru, huamriwa na damu, kwa homoni zinazotoka tena kwenye vikonyo vya macho. Homoni ya kukusanya rangi nyekundu ilipatikana katika vikonyo vya kamba wa bahari zenye baridi aitwaye Pandalus borealis, na mwaka 1972 Wasweden Fernlund na Josefsson walitangaza muundo wake wa amino asidi 8 tu. Ilikuwa homoni ya kwanza ya neva kutoka kwa mnyama asiye na uti wa mgongo kujulikana muundo wake. Kwamba watoto wako waliona mabadiliko hayo gizani ndilo jambo zuri zaidi: kaa hawa wana saa ya ndani inayoendelea kuhesabu usiku na mchana hata wasipoliona jua. Waambie wawarudishe matopeni kabla maji ya ndoo hayajachacha.

SWALI: Nimesikia kuna wafugaji wa kamba wa mito wanaofuga madume matupu. Huwageuzaje? Na je, si hatari kwa mlaji? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwaka 1954 mtafiti Mfaransa Hélène Charniaux-Cotton aliigundua tezi ya kiume katika jamaa wadogo wa kamba wa ufukweni wanaorukaruka chini ya mwani mkavu, jamii ya Orchestia. Alipoipandikiza kwa majike, yaligeuka kuelekea udume. Tezi hiyo hutoa homoni inayofanana kwa sura na insulini, nayo ndiyo inayoamua dume awe dume. Tazama jinsi inavyotofautiana na habari ya mayai hapo juu: hapa ipo homoni inayoamrisha, na asipokuwa nayo mnyama hufuata njia ya jike.

Huko Israeli, katika Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Amir Sagi na wenzake waliitumia siri hiyo kwa kamba wa maji baridi aitwaye Macrobrachium rosenbergii, ambaye madume yake hukua makubwa kuliko majike. Waliizima jeni ya homoni hiyo katika dume mchanga, akakua akiwa jike anayetaga. Kwa kuwa kwa kamba hawa jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, na dume ana mbili zinazofanana, jike huyo wa kugeuzwa akipandwa na dume wa kawaida hana cha kurithisha ila udume, na vifaranga vyote huwa madume. Wanaofika sokoni ni watoto hao, ambao hawakudungwa chochote wala jeni zao hazikubadilishwa. Hata homoni za asili za kamba zisikutishe sahanini, kwa kuwa zile za protini humeng'enywa kama nyama nyingine, na ekdisoni imo hata katika mboga kama spinachi.

SWALI: Tunalima mpunga bondeni, na maji yetu huishia kwenye mikoko. Wavuvi wanatulaumu kwamba dawa zetu zinaua kamba wachanga, ilhali chupa imeandikwa kwamba dawa ni ya wadudu tu. Nani mkweli? (Msomaji, Rufiji)

JIBU: Ndugu yangu, kamba na mdudu ni watu wa ukoo mmoja. Wote hujivua gamba, wote hutumia ekdisoni. Hata ile tezi ya karibu na mataya niliyoitaja mwanzoni hutoa homoni iitwayo methili fanesoeti, iliyotambuliwa mwaka 1987 na Hans Laufer na wenzake katika kaa wa pwani ya Marekani, ambayo ni karibu sawa na homoni ya utoto ya wadudu. Kwa hiyo dawa iliyobuniwa kuvuruga ukuaji wa kiwavi inaweza kuvuruga ule wa kamba. Soma kiambato cha dawa, usisome jina la kibiashara pekee. Ukiona diflubenzuroni, fahamu kwamba huzuia kufumwa kwa gamba jipya na ni sumu kali kwa jamii ya kamba. Ukiona tebufenozidi, hiyo huiga ekdisoni. Metopreni huiga homoni ya utoto. Kamba mchanga ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa hujivua gamba mara nyingi katika wiki zake za kwanza, na kila mara ni nafasi mpya ya kufa.

Kwa sasa fungeni mifereji ya kutolea maji siku mnaponyunyiza na mbaki mmeifunga kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko au zaidi, acheni ukanda wa majani kati ya shamba na mkondo, na mabomba ya kunyunyizia yaosheni shambani, maji yake yasifike mtoni.